Jina Lililobaki Ukurasa wa Pili

"Abee!"

Hilo ndilo nililolisikia kwanza, kabla sijaona mtu. Sauti ya mwanamke akiitika nje ya mlango wa fremu yangu ya duka, kwa upole, kama mtu aliyekuwa hapo muda wote akingoja kuitwa. Na hakuna aliyemwita. Nilikuwa peke yangu mbele ya kompyuta, saa sita mchana, jua la Igoma limesimama juu ya bati.

Haya yalitokea, niaminini. Sikuwa na homa, sikuwa nimesinzia, na pombe siijui. Ni kweli mimi ni mtunzi, nina riwaya mbili zisizokwisha kwenye droo, na wenzangu tunaosomeana kazi siku za Jumapili wameniomba niigeuze hii iwe hadithi. Nimekataa. Hadithi mtu anaweza kuubadilisha mwisho wake.

Riwaya hailishi, kwa hiyo nilikuwa na steshenari kando ya barabara ya Musoma. Nilitoa kopi, nilichapa barua, kadi za harusi na ratiba za mazishi. Mbele ya fremu yangu, kila mmoja na gunia lake, walikaa mapacha wawili wauza dagaa: Kulwa na Doto. Wanawake wa makamo, wembamba, sura moja, kicheko kimoja. Alfajiri walishuka ziwani Igogo kuchukua dagaa, saa tatu wakawa wamekwisha kutandika. Kwa miaka mitano sikuweza kuwatofautisha, na kusema ukweli sikujaribu sana. Niliyekutana naye, yeyote, nilimsalimia, "Shikamoo shangazi Doto." Na yeyote aliitika, "Abee, marahaba mwanangu." Nikaona mambo yamekwisha.

Kulwa akafariki. Homa ya siku tatu tu.

Kaka yao alikuja kwangu Ijumaa pamoja na katekista wao, picha ya marehemu mkononi. Wakabishana nusu saa nzima juu ya jalada la ratiba. Kaka anataka Kurwa, ndivyo kitambulisho kinavyosema. Katekista anataka Kulwa, ndivyo alivyobatizwa. R au L? Masanja, fundi kompyuta wa fremu ya jirani, alichungulia akasema, "Wekeni zote mbili, huko mbinguni watachagua." Wakacheka, machozi bado machoni. Tukaweka L. Jalada lile tulilisoma sote wanne, herufi kwa herufi, mpaka macho yakauma. Ukurasa wa pili hakuna aliyeusoma. Nikachapa kopi mia moja bila hata kulihifadhi faili.

Ukurasa wa pili ulikuwa na sala ya kumkabidhi marehemu. Sala hiyo husomwa na watu wote kwa sauti moja, karatasi mkononi, kaburi likiwa wazi. Jumamosi ile nilisimama miongoni mwao nikasoma na mimi. Mtu mwenye majonzi husoma kilichoandikwa. Nilimwona Doto akikaa chini ghafla, mchangani, katikati ya sala. Wanawake wakampepea kwa kanga. Tulisema ni uchungu wa pacha.

Jumatatu asubuhi Masanja aliniwekea toleo jipya la programu ya kupangia kurasa, lile la zamani lilikuwa limechoka. Ndipo balaa likaanza. Programu inafunguka, nembo inatokea, kisha inalivuta lenyewe faili la mwisho, ratiba ya Kulwa. Inaonyesha jalada. Inaonyesha ukurasa wa pili. Inaganda, kioo kinakuwa cheupe, inajifunga. Niliizima kompyuta nikaiwasha. Niliiondoa programu nikaiweka upya, mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Nilizima kinga ya virusi. Nilipunguza fonti. Ilikufa palepale, kama punda aliyeona kitu njiani.

Jumanne saa sita mchana nilikuwa nimeiweka kwa mara ya nne. Ukurasa wa pili ulipotokea niliinamia kioo ili nisome mstari wa mwisho kabla haujapotea, na midomo yangu ikausoma kwa sauti:

"Ee Bwana, mpokee mtumishi wako Doto."

"Abee!"

Mlango ukafunguka akaingia. Ni nani mngemdhani? Nilimdhani yeye, aliye hai.

"Shikamoo shangazi Doto. Pole sana kwa msiba."

"Marahaba mwanangu. Tumekwisha poa." Akakaa kwenye benchi la wateja. Miguu yake ilikuwa na vumbi jeupe hadi kwenye vifundo, na sakafu niliyotoka kuipiga deki haikuwa na alama hata moja. Hilo nililiona. Sikulifikiria. Nilikuwa nawaza mstari niliotoka kuusoma.

"Shangazi, nimekosea. Kwenye sala nimeandika..."

"Najua ulichoandika. Umeandika wewe, wamesoma watu wote." Hakuwa na hasira. Afadhali angekuwa nayo. "Leo matanga yanakwisha. Saa kumi wataisoma tena sala ile, karatasi ni zilezile. Nimekuja tulitoe jina hilo."

"Nalifuta sasa hivi."

"Usilifute. Ukifuta utaacha pengo, na pengo hujazwa. Litoe la Doto, uweke la Kulwa."

Nikageukia mashine. Nilitaka kuifungua haraka, nibadilishe neno moja, nichape kopi mia, nikimbie nazo msibani. Si mwendo mrefu, dakika kumi kwa miguu. Programu ikafunguka. Nikawahi kwenye mstari ule, nikafuta D, nikaandika K. Ikajifunga.

Masanja aliingia wakati huo akitoka msibani, jasho linamtiririka. Akatupa begi lake la vifaa kwenye benchi bila kutazama. Mwanamke yule alijisogeza kidogo, akaliachia nafasi.

"Bado unapigana na hiyo?" Masanja akauliza. "Kule nako hali si nzuri, dada. Doto hajainuka kitandani tangu Jumamosi. Uji hataki. Ukimwita haitiki, macho kayakodoa mlangoni tu. Wanasema matanga yakishaisha wampeleke hospitali."

Nilitazama benchi. Alikuwa pale, mikono mapajani, ananitazama.

"Masanja," nikasema, "humu ndani niko na nani?"

"Na kompyuta yako mbovu." Akacheka, akainama juu ya bega langu, akabofya huku na huku. "Sikiliza. Ukiiondoa programu, mabaki ya faili la mwisho hayaondoki. Ukiiweka upya, kitu cha kwanza inakimbilia kulifufua hilo faili. Faili lina kasoro, basi inakufa nalo. Futa mabaki, itapona. Folda ni hii hapa."

"Na faili?"

"Faili ndiyo basi. Kwani marehemu atazikwa mara mbili?" Akachukua begi lake akarudi msibani.

Nilibaki naye. Sikuthubutu kugeuka. Alisema nyuma yangu, taratibu, kama mtu anayechambua dagaa:

"Miaka mitano hukuwahi kuniita jina langu hata siku moja. Uliniita Doto, nikaitika. Niliona kukusahihisha ni kukuaibisha, mtoto wa watu. Mwenzangu alikuwa akinitania. Anasema, dada, unavyoitikia jina langu, ipo siku mimi nitaitikia wito wako." Akaendelea: "Mimi nilitangulia kuzaliwa, yeye akanifuata. Sasa sitaki anifuate. Ana wajukuu wawili wanaomtegemea. Andika, mwanangu."

Niliandika. Ee, niliandika! Hebu fikirini saa nne za namna ile. Programu ilinipa pumzi chache tu kila ilipofunguka. Nilifika K, ikafa. Nilifika Ku, ikafa. Niliiondoa, niliiweka. Nilichomoa kadi ya kumbukumbu nikaihamisha, nilibadilisha programu inayoendesha kioo, nilichomoa kila waya usio na kazi. Nikafika Kul. Nikajaribu Kurwa ya kaka mtu, labda herufi ndiyo inayokataa, ikafa kwenye R. Mara moja, mara moja tu, nilifika Kulw. Nilikuwa nimeinua kidole kwa ajili ya herufi ya mwisho. Kioo kikawa cheupe.

Mwanamke yule hakunihimiza. Mara chache nilipothubutu kumtupia jicho alikuwa akinitazama kichwani, karibu na sikio, na mimi nikadhani anatazama saa ya ukutani.

Saa kumi kasoro dakika tatu upepo wa ziwani ukaleta nyimbo za msibani juu ya mabati. Nilikuwa nalia. Nilihesabu: nikifuta mabaki, programu inapona. Nitaiandika sala upya kwa dakika moja, nitachapa hata kopi moja tu, nitakimbia. Pengo litakuwa la dakika moja. Ni nani asiyejaliwa dakika moja? Nikaifungua folda ya Masanja, nikafuta.

"Mwanangu," alisema nyuma yangu. Neno hilo tu.

Programu ikafunguka vizuri mno. Haikuganda. Haikujifunga. Ilinipa ukurasa mtupu, mweupe, unaongoja. Na nitawaambia jambo ambalo sijamwambia hata mama yangu: nilifurahi. Kwa pumzi moja nilifurahi kama fundi, kwa kuwa kitu kilichonishinda siku mbili kimekubali. Ndani ya furaha hiyo nikasikia, mbali, juu ya mapaa, watu wengi wakisoma kwa sauti moja.

Niliandika haraka, Kulwa lote, herufi tano, bila shida. Printa ikatoa karatasi. Ilikuwa na joto. Kule sauti zilikuwa zimefika amina.

Kaka yake alinisimulia baadaye. Sala ilipofika kwenye jina, Doto aligeuza uso kutoka mlangoni akasema kwa sauti safi, "Abee." Walifurahi, walidhani amepata nafuu. Mpaka mtu alipomshika mkono.

Mtaniuliza swali. Najua, maana nimejiuliza mimi mwenyewe kila siku tangu siku ile. Kwa nini hukuandika kwa mkono? Kalamu nilikuwa nimeichomeka kwenye nywele, hapo karibu na sikio, kama ninavyoichomeka kila siku ya kazi. Ndiyo aliyokuwa akiitazama. Kwa nini hukukimbia msibani dakika kumi, ukamshika mkono katekista, ukamwambia kwa mdomo, baba, si Doto, sema Kulwa? Mashine ikikataa, mtu husahau anachotaka, anabaki anataka ikubali tu. Nilipigana na programu kwa saa nne nzima, na mtu alikuwa anakufa kwa jina ambalo ningeweza kulitamka.

Programu ile haijajifunga tena hata mara moja. Masanja husema ni mashine nzuri kuliko zote pale barabarani. Magunia mawili hayatandikwi tena mbele ya fremu, na wale wajukuu wanaishi kwa kaka mtu. Wanipitapo hunisalimia, na mimi huwauliza majina yao upya kila siku, taratibu, mmoja mmoja, mpaka wameanza kunicheka. Riwaya sijaigusa. Kila nikitaka kumpa mhusika jina, naweka kalamu chini. Mama yangu, kwa uzee, mara nyingine huniita kwa jina la dada yangu. Siitiki. Ananuna, anasema nimekuwa na kiburi cha mjini. Afadhali anune.

Kwa hiyo nawaonya, ninyi mnaonisoma. Mtu akikuita kwa jina lisilo lako usiitike, hata kama anakupenda, hata kama ni kwa heshima. Msahihishe, aibu itapita. Na wewe unayeita, tazama uso wa mtu kabla ya kumpa jina. Ukichapa ratiba ya marehemu, soma ukurasa wa pili.

Bado sijawaambia alivyoondoka.

Amina ilipokwisha kule, alisimama kutoka kwenye benchi, akajifunga kanga vizuri. Nilimnyooshea ile karatasi moja, yenye jina lake. Aliisoma mpaka mwisho, akairudisha juu ya printa.

"Umeliandika vizuri," alisema. "Sasa unanijua."

Akaenda mlangoni, akaufungua, mwanga wa jioni ukaingia hadi miguuni pangu. Hakutoka. Aligeuka, akatazama ndani, nyuma ya bega langu, kwenye kompyuta, ambako ukurasa mtupu ulikuwa bado unawaka.

"Doto!" akaita.

"Abee," ikaitika sauti mgongoni pangu, karibu sana.

Maisha yao yote Kulwa alitangulia na Doto akafuata, hata kushuka Igogo alfajiri, hata kuvuka barabara. Siku hiyo alijibana kwenye fremu ya mlango, akaushikilia wazi, muda unaotosha mtu mwembamba kupita. Kisha akatoka yeye, na mlango akaurudishia taratibu.