Mkono wa Kulia wa Bwana Gubu

Zamani si nyingi, televisheni zikiwa bado na tumbo kubwa kwa nyuma kama mja mzito aliyepitiliza siku zake, palikuwa na mzee mmoja wa sponji aliyeitwa Bwana Gubu. Kichwa chake kilichongwa kutoka kwenye godoro kuukuu, pua yake ilikuwa kisigino cha soksi, na moyo hakuwa nao, ila watu wote waliapa kwamba anao. Kazi yake ilikuwa kulalamika. Alililalamikia jua kwa kuwaka na mvua kwa kunyesha, akamlalamikia paka wake kwa kulala bila ruhusa, na kijiko kwa kuwa na shimo upande mmoja tu. Kipindi chake kikianza, wezi waliahirisha kazi. Kuna bwana mmoja alicheka mpaka jino lake bovu likang'oka lenyewe na kudumbukia kwenye chai, akaokoa safari ya kwa daktari. Asiyeamini akamuulize mwenyewe, pengo bado lipo.

Watu huona kikaragosi juu ya meza, wasijiulize kilichopo chini yake. Chini ya Bwana Gubu walikuwapo wawili, mke na mume, wamebanana kama kunde kwenye ganda. Mume alikuwa Mdomo. Mkono wake mmoja ulikuwa ndani ya kichwa cha Gubu, wa pili ndani ya mkono wa kushoto wa Gubu, na sauti yote ilikuwa yake. Mke alikuwa Mkono wa Kulia, kwa kuwa mwanadamu hakujaliwa mikono mitatu. Alisimama nyuma ya mumewe, shavu limelala mgongoni pake, mkono mmoja umepenya kwenye mkono wa koti la Gubu, akinyoosha kidole, akipiga meza, akikuna sikio. Kazini waliwaita hivyo hivyo, Mdomo na Mkono, mpaka majina waliyopewa na wazazi wao yakaota kutu.

Watu walimuuliza Mkono anajuaje mdomo unataka kusema nini. Aliwajibu kwamba ana jicho kwenye kiwiko. Kumbe siri ilikuwa mbavu. Mdomo alikuwa na pumu, na kila akitaka kutoa neno la kuchekesha, kifua kiligoma. Alivuta hewa mara mbili. Ya kwanza inakwama njiani kama gari kwenye tope, ya pili inakuja kuivuta. Na hapo katikati Gubu amebaki bubu mbele ya kamera, mdomo wazi, aibu tupu.

Basi mke akamsitiri mumewe. Akisikia shavuni kwamba hewa ya kwanza imekwama, aliupandisha mkono wa Gubu polepole, ukitetemeka, ukipapasa hewani kama unatafuta sikio lililohama bila kuaga. Hewa ya pili ikiingia, mkono unalipata sikio, unakuna, na neno linatoka. Watu walikuwa hoi! Watoto walikiigiza kile kimya shuleni, wakachapwa, wakakiigiza tena. Hakuna aliyejua kwamba kinachomchekesha ni mtu anayetafuta pumzi.

Mwaka wa mwisho kimya kikawa kirefu zaidi. Na kadiri kilivyorefuka, ndivyo watu walivyozidi kucheka. Mkono alikuwa kule chini, shavu mgongoni, anasikia vicheko juu na mluzi mwembamba kifuani, na anaendelea kupapasa hewani kwa kidole cha sponji. Kisha asubuhi moja, nyumbani, Mdomo aliinama kufunga kamba za viatu, hewa ya kwanza ikakwama, ya pili haikuja. Kiatu kimoja kilikuwa kimeshafungwa.

Kipindi kikazikwa pamoja naye. Gubu akalazwa ndani ya sanduku juu ya kabati, na kwa mara ya kwanza maishani mwake hakuwa na la kulalamika.

Miaka ikapita, ikapitiliza. Siku moja Mkono alikuwa sebuleni na wifi yake, dada wa marehemu, fundi cherehani aliyelishona koti la Gubu kwa mikono yake. Baada ya msiba huyu wifi alikuja kukaa kwa wiki moja, na wiki yenyewe haijaisha mpaka leo. Mlango ukabishwa, akaingia mama mmoja kijana mwenye miwani, akasema yeye ni mwongozaji wa filamu.

"Mama, nimelelewa na Bwana Gubu kuliko baba yangu mzazi," alisema hata kabla ya kukaa. "Tunataka kumrudisha. Filamu ya familia nzima, kwenye ukumbi wa sinema, skrini kubwa kama ukuta wa ghorofa."

"Huyo mzee ana ukungu masikioni," wifi alidakia. "Akionekana kwa ukubwa huo si watoto watakimbia?"

"Tutamkarabati, shangazi. Mdomo tumeshampata, ni Tarumbeta, yule mchekeshaji wa redioni. Sauti ameipata kabisa. Tatizo ni mkono. Tumejaribu watu, hakuna anayekiweza kile kimya." Akamgeukia Mkono. "Bila kile kimya, mama, huyo siye Gubu. Ni soksi tu."

Mkono akasema ndiyo. Hakuuliza siku, hakuuliza malipo, hakuuliza hata ni wapi.

Mgeni alipoondoka wifi aliegemea mlango akamkazia macho. "Umekubali mbio mbio kama binti aliyeposwa na mfalme. Kuna nini?"

"Hakuna kitu. Kazi ni kazi."

"Kazi wewe! Juzi uligoma kwenda dukani kwa sababu ya magoti. Unamfuata kaka yangu, sema kweli."

Mkono alinyoosha kitambaa cha meza ambacho hakikuwa na mkunjo. "Nitampata wapi kwingine, wifi? Kaburini ni udongo. Kwenye picha amenuna. Lakini mle ndani ya koti ndimo alimokaa. Nikiingiza mkono tu, huu mkono unamjua."

Wifi alifungua kinywa ili atanie, akakifunga. Na huyo ni mtu aliyewahi kutania mazishini.

Studio ilikuwa pana, baridi, nyaya zimetambaa sakafuni kama mizizi. Jambo la kwanza Mkono alilofanya ni kulinusa koti. Lilinukia sabuni ya maua.

"Tumelifua vizuri, mama," alisema msichana wa mavazi, anatabasamu. "Lilikuwa na harufu!"

"Ahsante, mwanangu," Mkono alisema. Angesema nini?

Tarumbeta alikuwa mtu mwema, na hilo ndilo lililoharibu mambo, maana mtu mwema hata kumchukia huwezi. Kifua chake kilikuwa pipa. Alisalimia kwa adabu zote, akaomba radhi mapema kwa upana wa mgongo wake, wakaingia chini ya meza. Mkono akaweka shavu. Akaingiza mkono kwenye koti, vidole vikakaa mahali pake, na moyo ukamruka: naam, yumo, yumo!

Kamera zikawaka. Tarumbeta akavuta hewa mara moja tu, safi, ikaingia yote kama mgeni aliyekaribishwa, akatoa neno. Mkono bado ulikuwa unasubiri hewa ya pili. Neno likapita, likafa, likaanza kuoza, ndipo mkono ukapanda na kulikuna sikio.

"Mama, mkono unachelewa kidogo," mwongozaji aliita.

Wakarudia. Ukachelewa. Wakarudia tena, safari hii ukawahi, ukamtia Gubu kidole jichoni.

"Sawa," mwongozaji akasema kwa upole. "Tarumbeta, wewe ndiye utengeneze kile kimya. Kabla ya neno, bana pumzi, mpe mama nafasi."

Tarumbeta akabana pumzi. Mbavu chini ya shavu la Mkono zikasimama. Zikasimama kabisa, hazipandi, hazishuki.

Hapo Mkono akafanya kosa ambalo hakuna mwingine duniani angeweza kulifanya. Enzi zile kichupa cha dawa ya pumu cha mumewe kilikaa kwenye mfuko wa ndani wa koti la Gubu, na ni yeye aliyekitoa, kwa mkono ule ule wa sponji, na kukipitisha chini ya meza mambo yakizidi. Basi mkono wa Gubu ukaacha sikio. Ukaporomoka, ukachimba ndani ya koti, ukajipigapiga kifuani, ukapekua kushoto, ukapekua kulia, ukaanza upya. Watu studioni wakaangua kicheko, fundi wa taa akapiga makofi. Chini ya meza mwanamke alikuwa analia kwa sauti ya chini, "Vuta, baba! Vuta hewa! Vuta!"

Tarumbeta akaiachia pumzi yote kwa mkupuo, akageuka, wakagongana vichwa. "Mama! Nimekuumiza?"

Kule juu kicheko kilikuwa hakijaisha. Kule chini Mkono akamweleza, kwa maneno machache, kile kimya kilikuwa nini. Huyu alikuwa mtu wa kwanza kumwambia, tangu dunia iumbwe.

Tarumbeta alinyamaza, jambo ambalo redioni hawakuwahi kulishuhudia. "Nilikuwa nacheka," alisema mwishowe. "Nikiwa mtoto. Nilikuwa nacheka mpaka nagaagaa chini."

"Ndiyo, mwanangu. Tulikuwa tunakusikia."

"Basi tukitoe. Nitamwambia mwongozaji siwezi. Lawama nitabeba mimi."

Mkono akafikiri. "Ukikitoa, ndiyo umemtoa mwenyewe. Alikufa nacho. Kibaki."

"Basi nifundishe nipumue kama yeye."

Akamfundisha. Hewa ya kwanza, ikwame hapa. Sasa ya pili, iburute. Tarumbeta alikuwa hodari wa kuigiza, angeweza kumuigiza mbuzi hata mbuzi mwenzake akaitika. Akavuta, akakwama, akatoa na ule mluzi. Mkono akauondoa uso wake mgongoni pake kama aliyeungua.

"Acha. Usimuigize." Akajifuta macho kwa kiwiko, maana mkono bado ulikuwa wa Gubu. "Pumua ya kwako. Mimi ndiye nitakayejifunza."

Wakakubaliana alama. Kabla ya neno, Tarumbeta atalegeza bega la kushoto. Likilegea, mkono unapanda. Likikaza, mkono unakuna. Ilikuwa kazi. Mkono wenyewe ulikataa, ulikuwa mkaidi kuliko punda aliyesoma. Kila bega lilipolegea, wenyewe ulikuwa unasubiri mbavu. Akaupiga konzi. Akaufunga kitambaa usiku ili usiote ndoto za zamani, au ndivyo alivyodai. Nyumbani alimfanya wifi alegeze bega mbele ya sufuria, nyuma ya cherehani, mpaka wifi akalalamika kwamba gauni la mteja limetoka na bega moja.

"Mbona unajitesa?" wifi aliuliza. "Si ulikwenda kumtafuta?"

"Watoto wanamsubiri Gubu. Nikikosea wataweka mkono wa chuma unaovutwa kwa waya. Yule mwongozaji ameshaniambia, kwa adabu, lakini ameniambia."

Ikafika siku ya onyesho kubwa, lile la Gubu kuwalalamikia wajukuu wake kwa kumpenda kupita kiasi. Kamera zikawaka. Bega likalegea. Mkono ukapanda polepole, ukitetemeka, ukapapasa, bega likakaza, sikio likapatikana, likakunwa, neno likatoka. Studio ikalipuka. Mwongozaji alicheka huku analia, miwani mkononi. Hawakurudia hata mara moja.

Na chini ya meza Mkono akagundua kwamba hakuwa amesubiri chochote. Mkono ulikwenda wenyewe, kwa raha zake, kama vile haujawahi kumjua mtu mwingine.

"Mama," Tarumbeta alisema, jasho linamtiririka, uso unang'aa kama wa mtoto aliyefaulu, "leo tumekuwa mtu mmoja!"

"Ndiyo, mwanangu," alijibu. "Hongera."

Akautoa mkono kwenye koti. Akaurudisha ndani, kana kwamba amesahau kitu. Akautoa tena.

Nyumbani alimkuta wifi jikoni, kwenye kigoda, anamenya viazi.

"Haya, nyota wa sinema! Imekuwaje?"

"Imetoka vizuri."

"Sasa mbona uso kama umemeza kisu?"

"Simpati, wifi. Nimekuja njia nzima namtafuta. Nikiikumbuka ile hewa yake ya kwanza, linakuja bega. Nimemfuta kwa mkono wangu mwenyewe."

Wifi akasogeza sufuria pembeni, akamgeuzia mgongo. "Weka shavu hapa. Baba yetu mmoja, mama yetu mmoja. Huenda pumzi zake zimo humu."

"Wewe una mgongo wa mafuta."

"Weka, nimesema, kabla sijabadili mawazo."

Mkono akapiga magoti yale mabovu, akalaza shavu. Wifi akavuta hewa, akaikwamisha, akaiburuta. "Hivi?"

"Siyo hivyo."

Akavuta tena, kwa ndani zaidi, akatafuta na ule mluzi aliousikia utotoni mwake wote ukitokea kitanda cha pili. "Hivi je?"

"Hapana, wifi."

"Ngoja, ngoja, nilikuwa namkumbuka hapa hapa." Akajaribu mara nyingine, sauti ikamkatika katikati, na kisu kikamponyoka kikaangukia kwenye maganda. "Hivi?"

Mkono alibaki ameegemea pale, na mgongo ule ukawa unapanda na kushuka kwa kwikwi, kwikwi za wifi mwenyewe, zisizofanana na za mtu mwingine yeyote.