Mapigo Yaliyokaza Kama Uzi

Katika kliniki ile ya tiba ya Kichina, kwa miaka tisa hakuna aliyemfikia Kamusi kwa kusoma. Walimpa jina hilo kwa sababu vitabu vya kale alikuwa navyo kichwani: joto na baridi, ini na figo, aina zote za mapigo ya mkono. Mapigo ya aina moja tu yalimpiga chenga, yale ya mtu aliyemeza hasira, ambayo vitabu husema hukaza kama uzi wa gitaa. Aliyaeleza vizuri kila mtihani. Vidoleni hakuwahi kuyapata.

Kisha akaja wifi yake, mke wa kaka yake, na Kamusi mwenyewe ndiye aliyemfundisha kazi. Haikupita miaka miwili, wagonjwa wakaanza kumuulizia wifi.

Asubuhi moja mwalimu wao, mwenye kliniki, alisema, "Chumba cha pili cha matibabu nampa mmoja wenu akisimamie. Mpimeni huyu fundi cherehani. Kila mtu aandike ugonjwa alioupata, akunje karatasi."

Fundi alilalamikia kichwa na kukosa usingizi. Kamusi akatazama ulimi: utando wa njano. Njano ni joto. Akaandika chapuchapu, akakunja. Wifi yake bado alikuwa ameshika nyayo za mgonjwa kama muuza viatu.

"Wifi, kichwa kimehamia huko chini?"

"Natafuta ulichokiacha, wifi yangu." Akacheka, akamgeukia mgonjwa. "Mama, miguu barafu hii! Na kinywani umeweka nini leo?"

"Pipi ya ndimu tu, mwanangu. Nimeimung'unya njia nzima."

Kamusi akahisi uso unamuwaka. Uliza kwanza amekula nini: hilo ndilo somo la kwanza alilompa wifi yake.

Fundi akapewa maji asukutue. Ulimi ukatoka umepauka, hauna njano hata chembe; ndipo wifi akaandika yake: baridi. Mwalimu akafungua karatasi zote mbili. Ya Kamusi akaikunja tena, taratibu. Ufunguo wa chumba akampa wifi.

"Hongera, wifi." Kamusi alisema bila kumtazama.

"Usininunie bwana! Yale maneno magumu nani atanieleza?"

Kamusi akaenda kunawa. Kwa mazoea tu, akaweka vidole vitatu juu ya mkono wake mwenyewe. Kitu chembamba, kilichokaza kama uzi wa gitaa, kikamgonga. Akabonyeza tena. Ndiyo yenyewe. Miaka yote hiyo alikuwa akiyatafuta kwa watu.

Akasikia ufunguo ukizunguka kwenye mlango wa chumba cha pili, kisha hatua za wifi zikija. Upesi akashusha mkono wa gauni hadi kwenye vidole.