Kiapo cha Kutokula kwa Dada

Msichana wangu ni nesi hapa Plano, huku ng'ambo. Nilikuja kumlelea watoto, wakakua haraka, nikabaki bure. Basi akanitafutia kazi ya kushinda mchana na mama mmoja Myahudi, amepita miaka tisini, mdogo kama kuku wa kienyeji na mkali hivyo hivyo.

Siku ya kwanza akaniuliza nimezaliwa wapi. Nikamwambia Kenya, Gilgil. Weh! Akanishika mkono.

"Gilgil? Kaka yangu alifungwa Gilgil!"

Nikadhani ni uzee. Kumbe ni kweli. Waingereza walikuwa wakitawala Palestina, na vijana wa Kiyahudi wakashika bunduki, wakatega mabomu. Watu walikufa, Waarabu, Waingereza, hata Wayahudi wenyewe, hakunificha. Waliokamatwa, wengine waliletwa mpaka kwetu wakafungiwa ndani ya seng'enge. Yeye alikuwa msichana wa kubandika matangazo yao ukutani, gundi ya unga ameificha kwa chupa ya maziwa. Nikampenda hapo hapo. Mama yangu naye alipelekea watu wa msitu, wale waliopigana na Mzungu, chakula, amekifunika na kuni.

Kaka alirudi mzima. Wale walioitwa majambazi wakaunda chama, wakashindwa kura miaka na miaka, mwishowe wakashika serikali. Akifika hapo kwa hadithi anapiga meza, vijiko vinaruka.

Lakini aliyempeana kaka kwa Waingereza ni shemeji, mume wa dada yake. Upande wa shemeji, Wayahudi pia, walisema hao vijana wa bunduki wanaharibu mambo. Basi huyu mama akaapa: hatakula wala kunywa cha dada mpaka kufa. Shemeji alishakufa. Dada sasa ni mgonjwa, yuko Houston, na amepiga simu: njoo tuonane kabla sijaenda.

"Nitakaaje kwake bila kugusa hata maji?" akaniuliza. "Nimeapa."

Msichana wangu, amekuja kunichukua, akaninong'oneza, "Mum, si umwambie tu aachane na hiyo kiapo."

"Nyamaza, wewe hujui kiapo."

Kwetu shangazi yangu aliolewa kwa mahomgadi, wale wetu walioshikia Mzungu bunduki. Nyanya alikuwa ameapa vile vile. Siku ya arusi alienda, kiondo mgongoni: viazi vyake, uji wake, mpaka kikombe. Akala kwao bila kula chao. Nani angethubutu kumcheka?

Nikamweleza huyo mama. Akaniuliza, "Uko na themosi?"

Msichana wangu akatupeleka Houston. Dada alikuwa kwa kiti cha magurudumu, mezani keki, samaki, zabibu. Mama akaweka chai yangu na maandazi katikati ya hizo sahani zote. Dada akaangalia, akaelewa. Wakaongea Kiingereza, nami nisikie.

"Bado?"

"Bado."

"Lakini mimi sikuapa." Akanyoosha kikombe.

Mama akammiminia. Dada akameza andazi zima, ndio vita ikaanza.

"Mwingereza tulimfukuza sisi!" mama akapiga meza.

"Nyinyi? Mlitutia aibu tu!"

"Aibu? Na serikali ikawa ya nani?"

"Tulichoka, tukawaachia!"

Walibishana mchana kutwa, mimi namimina huku na huku, mbavu zinaniuma kwa kicheko. Tukiaga, dada akatikisa themosi, tupu.

"Wiki ijayo leta kubwa," akamwambia. "Hii si ya kuletea mgonjwa."