Vinundu vya Visiginoni

Fundi viatu alikuwa na vinundu nyuma ya visigino, vigumu kama kokwa, na kwa miaka mingi alikilaumu kigoda chake. Ukishinda umekunja miguu kutwa, aliwaambia wateja, mwili nao unaota sugu. Walicheka, naye akaendelea kugonga soli.

Siku kifua kilipombana, alikuwa ameshika buti la mteja. Jasho likamtoka, mkono wa kushoto ukafa ganzi, na muuza vitambaa wa jirani ndiye aliyemkimbiza hospitali. Alipopata nafuu, daktari, mama wa makamo asiye na haraka, alimvua soksi, akaviminya vile vinundu, akamuuliza ni nani mwingine kwao anavyo.

Kisha akamweleza. Kila chembe hai ya mwili imezungukwa na utando mwembamba wa mafuta, tabaka mbili zimelaliana, na kolesteroli ni sehemu ya utando huo. Bila hiyo hatuishi. Juu ya utando kuna vipokezi vinavyoidaka kolesteroli ikipita kwenye damu na kuiingiza ndani. Yeye alizaliwa na vipokezi pungufu. Kolesteroli ikikosa wa kuipokea huzurura damuni miaka nenda miaka rudi, ikaganda kwenye mishipa ya moyo, nyingine ikajikusanya kwenye kano za visigino. Si ulafi, wala si kigoda. Ni ugonjwa aliourithi kwa mzazi, na ndugu zake wa damu wanapaswa kupimwa.

Kwao walizaliwa watatu. Kitindamimba alianguka uwanjani akicheza mpira, kijana mbichi kabisa, hakuamka tena. Kwa hiyo alibaki Dada, mwalimu mstaafu, aliyemlea fundi tangu mama yao alipofariki, na ambaye akishasema amesema.

Fundi alipotoka hospitali alikwenda kwa Dada. Njiani alipanga maneno asije akamshtua: aanze na habari za watoto, kisha taratibu aingie kwenye mambo ya damu. Dada alimmiminia chai, akamsikiliza mpaka mwisho bila kukunja uso. Halafu akasema kwa upole, "Misuli ya mapaja inaweza kukuuma siku za mwanzo. Usiviache vidonge kwa sababu hiyo, mwambie tu daktari."

Fundi hakuwa ametaja vidonge.

Akaweka kikombe chini. "Wewe umeanza kuvimeza lini, Dada?"

Alizungukazunguka kwanza, mara walimu walipimwa afya shuleni, mara daktari mwenyewe hakuwa na uhakika. Mwishowe akasema ukweli. Alijua tangu bado anafundisha, na aliagizwa awaambie wadogo zake. Lakini binti yake alikuwa amechumbiwa, na wakwe wangesema ukoo una damu mbovu. Angemwambia fundi, fundi angemwambia mkewe, na mkewe mdomo wake hauna mlango.

"Mdogo wetu alipoanguka, ulikuwa unajua?"

Dada akanyoosha kitambaa cha meza ambacho hakikuwa kimejikunja. "Nilikuwa najua."

Fundi akakumbuka siku ya mazishi. Ni Dada huyuhuyu aliyemshika bega, akimwambia kwamba hakuna binadamu ambaye angeweza kujua. Maneno yale ndiyo yaliyomsimamisha siku zote hizo. Sasa alijiona kama mtu aliyeegemea ukuta, kumbe ni pazia.

Hakupaza sauti. Alimwambia awaeleze watoto wake kwa kinywa chake mwenyewe, la sivyo atawaeleza yeye. Dada akamsihi waliache jambo hilo liishie hapo, wao ni damu moja.

"Damu hiyohiyo ndiyo ninayoizungumzia," fundi akasema, akaaga.

Alisubiri. Dada hakuwaeleza, ndipo fundi akawaeleza. Binti yake Dada alikutwa salama. Kaka wa binti huyo alikutwa na ugonjwa, na mtoto mkubwa wa fundi vilevile. Wote wawili wanatumia dawa, na daktari ameridhika nao. Dada amekata mguu, kwa fundi hakanyagi tena. Huko kwa ndugu anasema mdogo wake amemvua nguo mbele za watu, baada ya yote aliyomtendea, na wapo wanaomwonea huruma.

Yule mpwa anayetumia dawa hupita kibandani kwa fundi akitoka kazini. Juzi aliuliza, "Mjomba, hivi mama alikuwa anaogopa nini hasa?"

Fundi akamwambia akamuulize mwenyewe, kisha akainama kutafuta misumari.