Boti ya Wasindikizaji

Siku yangu ya kwanza kazini, pale gati la Nyamisati, Nahodha Mkuu hakuniruhusu hata kugusa mashine. Alinipa pondo, ule mti mrefu wa kusukumia chombo, akanionyesha boti tupu. "Sukuma." Nikasukuma, boti ikatoka mbio. Wapagazi wakaipakia magunia ya mpunga. "Sukuma tena, nguvu zilezile." Mishipa ya shingo ikanitoka, boti ikajivuta kwa uvivu.

"Umeona?" akasema. "Mchapuko si mwendo, bwana mdogo. Ni namna mwendo unavyoongezeka. Nguvu ikibaki ileile na mzigo ukawa maradufu, mchapuko unabaki nusu. Mashine haijui umembeba nani."

Baadaye nilihamishiwa vijiji vya ndani ya delta, nikapewa boti ya mashine ya kubandika nyuma. Ikiwa nyepesi hushika kasi upesi, ikainua pua na kuteleza juu ya maji. Ikiwa nzito, inalima maji tu. Na kule maji yakipwa, mafungu ya tope hufunga njia. Usipowahi, unakaa hapo mpaka yajae.

Asubuhi moja aliletwa Mwanahawa, uchungu umemshinda, mkunga anataka awahishwe hospitali Kibiti. Maji yalikwishaanza kupwa. Nilitaka apande yeye, mumewe na mkunga. Wakapanda na mashangazi, mawifi, majirani, na vyungu na mafurushi yao. Kwetu mgonjwa hasindikizwi kwa macho.

"Jamani, nawaomba, wengine mshuke," nikasema. "Hivi tulivyo tutakwama."

Mama mkwe wa Mwanahawa akanikazia macho. "Nishuke mie, watu waseme simtaki mkaza mwanangu? Shuka weye!"

Hakushuka mtu. Kila mmoja alibaki kwa mapenzi, na hilo ndilo linaloniuma, maana sina hata wa kumchukia. Nilifungua mashine mpaka mwisho, pua haikuinuka. Tulipofika funguni maji yalikuwa ya magoti. Tulishuka tukasukuma, tope likatushika. Mwanahawa akawa ananiuliza, "Baba, bado?" Ilipofika adhuhuri akanyamaza. Alikufa palepale na mtoto tumboni, amezungukwa na watu wake wote.

Baada ya msiba ule, msimamizi wetu wa boti alituletea mashine yenye nguvu maradufu. Nilifurahi, furaha ya siku chache. Watu walipoiona ile mashine kubwa, nao wakapanda maradufu. Boti ikajivuta vilevile.

Sasa nimestaafu, naishi kulekule kijijini. Hesabu ile ya Nahodha nimeieleza msikitini, harusini, matangani. Wananiitikia vizuri, na wanaielewa. Nimekata tamaa kwa sababu wanaielewa, na bado wanapanda wote.

Mwaka huu kifua kimenibana. Mganga wa zahanati amesema nikizidiwa nikimbizwe Kibiti. Nikawaambia wanangu, siku hiyo anisindikize mmoja tu. Binti yangu mkubwa akaangua kilio. "Baba, umetuchoka?"

Nikamfuta machozi. Nikamwambia waje wote.