Mashua Yenye Jina Langu

Jirani yangu akipaka milango yake verni, ile ya kung'arisha mbao, mimi hufunga madirisha. Wajukuu hunicheka, kwao ile ni harufu ya nyumba mpya. Kwangu ni harufu ya Elisabethville ya utoto wangu, Lubumbashi ya leo, ya mikono ya baba, na ya mashua moja ambayo, wenzangu, sijaisamehe mpaka leo, ingawa najua mbao hazina kosa.

Baba alikuwa seremala kwenye karakana ya reli. Jumapili, baada ya misa, alivuka kwenda mji wa wazungu, kwa Mbelgiji ambaye sisi wa kambi ya wafanyakazi wa reli tulimwita Bwana Verni, maana hata akivaa suti alinuka verni. Bwana huyo alikuwa na mashua ya tanga, yenye chumba cha kulala na jiko dogo, aliyotaka kutembelea nayo ziwa Mweru. Wakati huo ilikuwa imekaa nyuma ya nyumba yake, juu ya magogo, mbali kabisa na ziwa lolote.

Kazi ya mashua ile haikuwa na mwisho. Kiangazi kilikausha mbao zikaachana, ukaona mwanga katikati. Baba akazitia kalafati, pamba na lami, akigonga polepole kwa nyundo ya mti. Mvua zikija, mbao zinavimba na kuitema kalafati yote. Akitengeneza usukani, mlingoti unapasuka. Akimaliza mlingoti, panya wamezaa ndani ya tanga. Mchwa nao hawakujua Jumapili.

"Ile hapana bato," baba alimwambia mama kuhusu mashua hiyo, akijisugua lami kwa mafuta ya mawese. "Iko mugonjwa. Unaponesha mukono, anaanza kukohola."

Mama alicheka, lakini alikuwa amechoka kula Jumapili bila mume.

Baba alivumilia kwa sababu ya Kilwa, si ile ya pwani bali ya ziwa Mweru. Mama yake mzazi, nkambo yangu, aliishi huko kando ya ziwa, na jina lake, Mumba, ndilo langu. Kwetu, mwenye jina lako humwiti kwa jina; unamwita "majina", naye anakuita vivyo hivyo, na akikuomba kitu humnyimi. Nkambo alikuwa hajaniona hata siku moja. Macho yake yalikuwa yanafifia, na kila aliyetoka Kilwa na samaki alileta ombi lile lile: mniletee majina wangu nimshike.

Siku moja nilimpelekea baba chakula. Bwana Verni akaniuliza jina, akalirudia, likampendeza.

"Muzuri! Bato itakuwa Mumba," akasema kwa Kiswahili chake. "Siku itaingia mu mayi ya ziwa, shiye bote tutaenda Kilwa."

Baba aliliandika jina hilo nyuma ya mashua kwa rangi nyeupe. Mkia wa M aliupinda kama ndoana, kama alivyozoea kuandika M zake zote. Tangu hapo mashua ikawa majina wangu. Niliiamkia. Nikila muwa, niliiwekea kipande kwenye gogo. Wenzangu walinitania: majina gani huyu, asiyejibu salamu? Sikujali, maana huyo ndiye angenifikisha kwa nkambo.

Kiangazi kimoja mchumba wa Bwana Verni alifika kutoka Ulaya. Baba akawa mtu wa kunyamaza. Jioni moja alisema tu, "Jumapili bato inaenda." Mama akanishonea gauni, akanisuka, akamfungia nkambo karanga na sabuni ndani ya kitambaa. Baba alikaa karibu akitutazama. Aliuona kila msuko ukifungwa, asiseme kitu.

Jumapili hiyo tuliikuta mashua juu ya lori la kwenda Kasenga, ambako ingeshushwa mtoni, ielee mpaka ziwani. Nilizunguka nyuma kumsalimia majina wangu. Mahali pa jina langu paliandikwa MADELEINE, jina la yule mchumba, rangi haijakauka vizuri. M ilikuwa na mkia uliopinda. Nilimgeukia baba. Alikuwa anakaza kamba iliyokwisha kukazwa.

Bwana Verni alimpandisha mchumba wake mbele, kisha akaita: "Fundi, weye panda nyuma, bato itavuja. Bengine hapana."

Kumbe "shiye bote", sisi sote, walikuwa hao tu. Baba alipokea kifurushi mkononi mwa mama, akapanda na kopo lake la lami. Hakunitazama. Wanaosema mtoto husahau hawajawahi kusimama katika vumbi la lori wakiwa wamesukwa upya.

Alirudi na samaki wakavu na salamu nyingi. Samaki wale sikuwala. Mvua zilizofuata, nkambo akafariki. Miaka mingi nilidhani nimeujua usaliti wote: jina langu lilifutwa, na mkono uliolifuta ulikuwa wa baba.

Nilikuwa nimeolewa, tunakaa Ruashi, mtaa wa mji ule ule, na baba akiwa mzee, shangazi yangu alipokuja kutoka Kilwa kwa mara ya kwanza. Hata salamu hakunipa.

"Weye njo Mumba wa kulala?" akauliza. "Baba yako alifika na bazungu. Mama yetu akamuuliza: majina wangu iko wapi? Akajibu: iko ndani ya bato, analala. Mama akaikala pa muchanga, mukono juu ya bato, kungoya uamuke. Mpaka bato ikaenda! Usingizi gani ile, mutoto weye?"

Baba alikuwa kwenye kiti chake, kikombe mkononi, macho chini. Ndipo nilipoelewa. Alikuwa mtu mzima aliyetamani kumwona mama yake, akaenda kwa njia iliyokuwepo, kisha akaona haya kumwambia kwamba ameniacha. Basi akatudanganya wote wawili, mimi kwa kunyamaza na nkambo kwa maneno. Na Kilwa nzima ikanijua kama mtoto aliyekataa kuamka kumsalimia majina wake.

Ningeweza kusema ukweli pale pale. Ulikuwa umeshafika ulimini.

"Nilikuwa mutoto, shangazi," nikajibu. "Usingizi ulinishinda."

Shangazi akatabasamu, akanisamehe. Watu wa nyumbani wanadhani nilimfichia baba aibu yake. Sivyo. Nilitaka baba ausikie uongo wake ukisemwa na Mumba mwenyewe.