Siku Niliyompunguzia Mkwe Wangu Miaka

Aibu hii nusu ya mji wa Korogwe wanaijua, basi ni bora muisikie kutoka kinywani mwangu kuliko kwa wale wanaoongeza chumvi (ingawa, kwa kweli, sikuwaachia pa kuongeza).

Mama mkwe wangu ni Mzigua wa Kwedizinga. Mwaka jana mafua yalimshukia kifuani akalazwa wiki mbili, tukadhani tunampoteza. Alipotoka hospitali tukamhamishia kwetu, na mimi na mke wangu Zubeda tukaazimia kwamba msimu mwingine wa baridi hautamkuta bila chanjo ya mafua. Sasa, heshima ya mkwe kwetu mnaijua: tangu aje, mimi hula barazani, simtazami usoni, simuulizi lolote la mwili wake, na akiwa sebuleni mimi huzunguka nyuma ya nyumba kama mwizi wa kuku. Kumpeleka kuchanjwa ilikuwa kazi ya Zubeda, ila asubuhi ile aliitwa kazini ghafla, nami, badala ya kungoja kesho, nikaamua kumpeleka mwenyewe. Nikamkodia bajaji, mimi nikafuata kwa baiskeli.

Zahanati ile ya binafsi ilikuwa imeweka meza ukumbini, mbele ya watu wote wanaongoja. Daktari, mama wa makamo mwenye sauti ya kuita mtu aliye ng'ambo ya mto, akaanza maswali, na mkwe wangu, kwa kuwa mimi nilikuwa pale, akajifunika mtandio asijibu. Hapo nikajibu mimi.

"Ana miaka mingapi?"

Sikujua. Na kumzeesha mkwe mbele za watu ni utovu wa adabu, hivyo nikakadiria kwa heshima: "Hamsini na tisa."

"Pumu? Sukari? Presha?"

"Hana kabisa," nikasema, kwa uhakika wa mtu mwenye shahada.

"Nauliza kwa sababu chanjo si moja kwa watu wote," akasema daktari. "Aliyepita sitini na tano nampa yenye nguvu zaidi, maana mwili wa mzee hauitikii vizuri ile ya kawaida. Mjamzito au mwenye pumu nampa sindano, siyo ile ya kupuliza puani. Wenzangu wengine husema mpe mgonjwa yoyote iliyopo, asirudi bure, na yenye nguvu ikikosekana hata mimi nasema hivyo. Lakini leo ipo. Huyu wako wa hamsini na tisa atapata ya kawaida."

Nilikumbuka kile kifua cha mwaka jana, kilivyokuwa kikikoroma hadi barazani, nikajua kwamba adabu yangu inamnyima kinga aliyoifuata.

"Daktari, labda ana sitini na... kidogo."

Akaweka kalamu chini. "Mkeo ni mtoto wake wa ngapi?"

"Wa tatu."

"Ana umri gani?"

"Arobaini na nane."

"Kwa hiyo kwa hesabu yako ya kwanza, mama alimzaa akiwa na miaka kumi na moja. Tena wa tatu!"

Ukumbi ukalipuka. Mzee mmoja Msambaa (mtani wangu, hakuweza kujizuia) akapaza sauti: "Bwana shamba huyu! Umri wa mahindi anaujua hadi siku, wa mkwewe hajui!"

Ndipo sauti ikatoka chini ya mtandio: "Sabini na tatu. Na pumu ninayo tangu usichana. Baba Halima, heshima yako itaniua."

Mtu mwenye busara angenyamaza. Mimi, kwa kutaka kufuta aibu, nikakunja mkono wa shati nikasema nidungwe kwanza ili mama aone haiumi, na daktari akakubali, kwani wanaoishi na mgonjwa wa kifua nao wanafaa kuchanjwa. Sikumwambia kwamba tangu shule ya msingi sijawahi kuitazama sindano. Safari hii niliitazama.

Nilipozinduka, kichwa changu kilikuwa mapajani mwa mama mkwe. Mapajani! Alikuwa ananipepea kwa ule mtandio, na kwa mara ya kwanza nikauona uso wake wote, nao ulikuwa unajikaza usicheke.

"Tulia, baba, usinyanyuke," akasema. "Watu wameshaona."

Yeye alidungwa ile yenye nguvu bila hata kupepesa jicho. Mimi nilimpelekea doti ya khanga ya kuomba radhi, akaipokea, na barazani bado nakula. Msimu ujao nitampeleka tena, hata Zubeda akiwa na nafasi. Nitakaa naye hadi mezani, nitageukia ukutani, nitafunga mdomo hadi ajibu mwenyewe swali la mwisho. Na yangu nitaomba nidungwe nimelala.